Adapta ya kuunganisha laptopu na televisheni: ipi inabadili kichwa tu, ipi inatafsiri

Adapta ya kwanza niliyonunua ilikuwa na ncha zote mbili nilizozitaka, na haikunionyesha picha hata mara moja. Ncha moja HDMI ya televisheni za kisasa, nyingine VGA ya kompyuta za zamani. Laptopu yangu ya wakati huo ilikuwa na tundu la VGA, televisheni ilikuwa na HDMI, nikaona mambo yamekwisha. Nikachomeka, nikazungusha rimoti kutoka HDMI 1 hadi HDMI 3 na kurudi, skrini ikabaki nyeusi. Adapta ilikuwa nzima kabisa. Ilitengenezwa kupokea HDMI na kutoa VGA. Mimi nilitaka ifanye kinyume chake, na adapta za namna hiyo hazirudi nyuma.

Tangu hapo mtu akiniomba ushauri sianzii kwenye ncha. Nauliza kwanza ishara inatoka upande gani kwenda upande gani. Kisha nauliza kama njiani inabadilishiwa kichwa tu au inatafsiriwa kuwa ishara ya aina nyingine. Hilo la pili ndilo linaloamua karibu kila kitu: kama adapta itahitaji umeme wa pembeni, kama sauti itapita, kama itafanya kazi pande zote mbili, na kwa nini adapta mbili zinazofanana kama mapacha zina bei zilizo mbali hivyo.

Zinazobadili kichwa tu

Kundi hili ni dogo na halina makuu. Laptopu nyembamba nyingine zina HDMI ndogo, mini au micro. Nyaya za ndani ni zilezile 19 za HDMI kubwa, kichwa tu ndicho kimepunguzwa. Kwa hiyo adapta yake ni plastiki na shaba: haipati moto, haiombi umeme, na picha inayotoka ni ileile iliyoingia. Angalia tu kwamba mini na micro ni vitu viwili tofauti. Micro ni ndogo zaidi, inakaribia ukubwa wa tundu la chaji la simu za zamani, na wengi huzichanganya.

DVI, tundu jingine la picha la kompyuta, na HDMI nazo ni ndugu wa damu. DVI ilitoka mwaka 1999, HDMI ikafuata mwaka 2002 ikiwa imejengwa juu ya ishara ileile ya picha. Hapo pia kubadili kichwa kunatosha, ila usitegemee sauti kupita. DVI haikuwekewa sauti. Laptopu zenye DVI ni chache mno, tusikae hapo.

Na kama laptopu yako ina HDMI ya kawaida na televisheni ina HDMI ya kawaida, huhitaji adapta yoyote. Nunua kebo. Kitu cha kuangalia ni umri tu: HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inapitisha picha ya 4K (yenye mistari 2160) mara 30 kwa sekunde, na HDMI 2.0 ya mwaka 2013 inafika mara 60. Laptopu ya zamani haitatoa 60 hata ukiifungia kebo ya dhahabu.

Je, hizo 30 na 60 zina maana kwako? Ukisogeza kipanya kwenye 30 utaona kinaburuta, na michezo itakuudhi. Lakini filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya filamu peke yake hana sababu ya kulipia 60. Hapa ndipo watu wengi wanapotoa pesa ya bure.

USB-C: tundu moja, tabia tatu

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo tukae kidogo. USB-C ni jina la umbo la tundu, lile la mviringo lenye pini 24 lililokuja mwaka 2014 na linaloingia bila kujali juu na chini. Halikuambii tundu hilo linaweza nini. Moja linachaji tu na kupitisha faili. Jingine linatoa pia picha ya DisplayPort, ishara ya picha ya kompyuta, kupitia pini zake. La tatu ni Thunderbolt, aina yenye kasi zaidi, na hilo linatoa picha bila wasiwasi. Kwa macho yote ni tundu moja.

Utajuaje? Angalia alama iliyochorwa kando yake. Herufi D na P zilizounganishwa zinamaanisha picha inatoka. Mshale wa radi unaoishia na ncha ni Thunderbolt. Pasipokuwa na alama, usikate tamaa wala usikisie, maana kuna laptopu zinazotoa picha bila kuchorwa chochote. Tafuta namba ya modeli na usome orodha ya sifa zake. Ukikuta neno DisplayPort kwenye mstari wa USB-C, nunua. Ukikuta "chaji na data" tu, adapta yoyote ya kawaida ya USB-C kwenda HDMI haitakusaidia, hata iwe ya gharama gani. Tena laptopu yenye matundu mawili ya USB-C inaweza kutoa picha kwenye moja tu, basi jaribu yote kabla ya kuilaumu adapta.

Tukishajua picha inatoka, kuna njia tatu za kuipeleka kwenye televisheni, na kila moja ina mtu wake.

Kebo yenye USB-C upande mmoja na HDMI upande wa pili ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeunganisha mahali pamoja siku zote. Chipu ya kutafsiri DisplayPort kuwa HDMI imefichwa ndani ya kichwa cha kebo. Viungo vichache, matatizo machache. Ubaya wake ni kwamba ikikatika, umepoteza kebo na adapta kwa pamoja, na huwezi kurefusha kirahisi.

Adapta fupi yenye mkia wa sentimita chache inamfaa anayesafiri na laptopu, kwa sababu kebo ya HDMI ataikuta anakokwenda. Mkia ni muhimu kuliko unavyodhani. Adapta isiyo na mkia, ile inayoingia kwenye laptopu kama jino, inabeba uzito wote wa kebo nene ya HDMI na kuuegemeza kwenye tundu. Tundu la USB-C likishalegea, ukarabati wake si mchezo.

Habu, lile boksi lenye HDMI, matundu ya USB, la kadi ya kumbukumbu na la chaji, linamfaa mwenye laptopu yenye tundu moja tu. Lakini soma vizuri maandishi madogo. USB-C ina njia nne za kasi. Adapta ya HDMI pekee inaweza kuzitumia zote nne kwa picha. Habu huzigawa: mbili kwa picha, mbili kwa vitu vya USB 3. Kwa njia mbili, laptopu yenye DisplayPort 1.2 inabanwa na kuishia kwenye 4K mara 30, wakati yenye DisplayPort 1.4 inaweza kufika 60 kama habu nayo inaimudu. Ndiyo maana habu moja inatoa 60 kwa jirani na 30 kwako. Halafu kuna chaji: habu hula wati kadhaa kwa matumizi yake, kwa hiyo chaja ndogo ikipitia humo laptopu itachaji polepole, au itaendelea kupungua betri huku imechomekwa.

USB ya kawaida: njia ya kuzunguka

Tundu la USB la mstatili halikuumbwa kutoa picha. Hata hivyo kuna adapta za kutoka humo kwenda HDMI, nyingi zikitumia teknolojia ya DisplayLink, na zinafanya kazi kwa ujanja: programu unayoiweka kwenye laptopu inaipiga skrini picha mfululizo, inaikandamiza, inaituma kama data, na chipu iliyo ndani ya adapta inaifungua upande wa televisheni. Ni kadi ya picha ya nje, kwa maneno mengine, na mzigo wake unamwangukia prosesa.

Kwa slaidi, hati na majedwali inatosha kabisa, na ni mkombozi kwa mwenye laptopu ambayo USB-C yake haitoi picha. Kwa filamu siipendi. Prosesa dhaifu inahema, picha inakwama pale mambo yanapochangamka, na kwenye Mac adapta hizi hutegemea ruhusa ya kurekodi skrini, ambayo huduma za filamu za kulipia huikataa. Utasikia sauti ya filamu na kuona giza. Iweke iwe chaguo la mwisho.

Na usije ukachanganya hii na ule waya mtupu wenye kichwa cha USB upande mmoja na HDMI upande mwingine, usio na chipu yoyote. Huo hautoi picha kwenye laptopu yoyote duniani. Vilevile lile tundu la USB nyuma ya televisheni ni la flashi na la kutoa umeme mdogo. Kulichomekea laptopu hakuleti picha.

DisplayPort na mini DisplayPort

Laptopu nyingi za kazi za ofisini zimekuja na hizi, na Mac za miaka ya nyuma zilipenda ile ndogo. Thunderbolt ya kwanza na ya pili zilitumia tundu hilohilo dogo, kwa hiyo adapta ya mini DisplayPort inaingia na kufanya kazi humo.

Upekee wake ni huu: matundu mengi ya DisplayPort yana alama ya DP na vijumlisho viwili, ++. Maana yake tundu lenyewe linajua kusema HDMI. Likihisi limechomekewa adapta rahisi, laptopu inabadili lugha, na kazi ya adapta inabaki kurekebisha volti. Adapta hizo rahisi hufika picha ya mistari 1080 bila shida, na zilizo bora hufika 4K mara 30. Unataka 60? Chukua yenye chipu ya kutafsiri, ambayo kwenye boksi huandikwa "active". Ile rahisi huandikwa "passive", au haiandikwi kitu kabisa.

Mwelekeo ni mmoja tu, DisplayPort kwenda HDMI. Wanaojaribu kinyume hupata giza kama nililolipata mimi.

VGA: mzee anayehitaji msaada

VGA ilizaliwa IBM mwaka 1987 na ni analogi: picha inasafiri kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka, na sauti haimo kabisa. Kuigeuza iwe HDMI kunahitaji chipu ya kusoma mawimbi hayo na kuyahesabu upya, kwa hiyo adapta ya VGA kwenda HDMI huwa na mikia miwili ya ziada: mmoja wa USB kwa ajili ya umeme, mwingine wa pini ya spika kwa ajili ya sauti. Ukiona inayouzwa bila mikia hiyo na huku inadai kupokea VGA, geuza boksi usome tena, kwa sababu yawezekana ni ile ya HDMI kwenda VGA, iliyonipoteza mimi. Hiyo yangu, kwa taarifa, haikutupwa. Siku hizi inapeleka HDMI ya laptopu mpya kwenye projekta kuukuu, upande iliokusudiwa.

Kabla ya kununua, tazama nyuma ya televisheni. Televisheni bapa za miaka ya nyuma nyingi zina tundu la VGA lenyewe, mara nyingi limeandikwa PC, na karibu yake tundu dogo la sauti. Kebo ya VGA moja kwa moja pamoja na waya wa sauti vinatosha, bila adapta.

Televisheni ya matundu ya njano, nyeupe na nyekundu

Hapa tatizo liko upande wa pili: laptopu ni mpya, televisheni ni ya zamani. Kinachotakiwa ni kiboksi cha HDMI kwenda AV (ndiyo hayo matundu ya rangi tatu), kinachopewa umeme wa USB. Picha yenye mistari 1080 inabanwa iingie kwenye 576 au 480 kufuatana na mfumo wa televisheni, na kiboksi huwa na swichi ya kuchagua PAL au NTSC. Ukikosea swichi, picha inakuja bila rangi au inazunguka kwenda juu.

Filamu itatazamika vizuri tu. Maandishi hayatasomeka, na hakuna kiboksi cha bei yoyote kitakachobadilisha hilo. Ukubwa wa herufi ndio pekee unaosaidia. Usimnunulie mtu anayetaka kuandika ripoti. Na kwa mara nyingine, viboksi vya AV kwenda HDMI vina sura ileile. Soma ni upande gani ulioandikwa INPUT.

Bila waya

Kuna pia njia za kurusha picha hewani: Miracast iko kwenye Windows tangu siku nyingi (bonyeza Windows na K), AirPlay iko kwenye Mac, na televisheni za kisasa nyingi zinapokea moja au zote mbili. Jaribu kabla ya kununua chochote. Kwa picha za familia inapendeza. Kwa kuandika au kucheza, ule ucheleweshaji mdogo kati ya mkono na skrini unachosha haraka, na mtandao ukiwa na watu wengi picha inaganda.

Kwa mtazamo mmoja

| Laptopu → televisheni | Aina ya adapta | Umeme wa pembeni | Sauti | Kikomo cha kawaida | Ningeichagua? |
|---|---|---|---|---|---|
| HDMI → HDMI | kebo tu | hapana | inapita | 4K, 30 au 60 kwa umri | bila kufikiri |
| USB-C yenye picha → HDMI | inatafsiri | hapana | inapita | 4K, 60 | ndiyo |
| USB-C → habu → HDMI | inatafsiri | si lazima | inapita | 4K, 30 mara nyingi | kwa mwenye tundu moja |
| DisplayPort → HDMI | rahisi au yenye chipu | hapana | inapita | 30 kwa rahisi, 60 kwa chipu | ndiyo |
| USB ya kawaida → HDMI | inatafsiri kwa programu | hapana | mara nyingi inapita | 1080 kwa nyingi | kwa hati tu |
| VGA → HDMI | inatafsiri | USB | waya wa pembeni | 1080 | kwa laptopu ya zamani tu |
| HDMI → AV | inatafsiri | USB | inapita | 576 au 480 | kwa filamu tu |

Kufuli la filamu

Jedwali halionyeshi jambo moja linalowakasirisha watu baada ya kununua. Filamu za kulipia husafiri zikiwa zimefungwa kwa kufuli liitwalo HDCP, na kila kifaa kilicho njiani lazima kiwe na ufunguo. HDMI na DisplayPort vinaweza kuubeba. VGA na AV haviwezi, kwa hiyo video zako mwenyewe zitaonekana bila taabu huku filamu ya kulipia ikishushwa ubora au kukataliwa kabisa. Kwa filamu za 4K ufunguo unaohitajika ni HDCP 2.2, na adapta ya zamani inaweza kupitisha 4K ya eneo-kazi lako vizuri na bado ikashindwa kwenye filamu. Kama filamu za kulipia ndiyo sababu ya kununua, tafuta namba hiyo kwenye boksi.

Picha ikigoma

Chagua kwanza kwa rimoti tundu la HDMI ulilochomekea kweli, si lile unalodhani. Kwenye Windows bonyeza Windows na P, uchague kurudia skrini au kuipanua. Kwenye Mac fungua mipangilio ya skrini. Picha ikija bila sauti, mara nyingi laptopu bado inatumia spika zake, basi bofya alama ya spika uchague televisheni.

Kingo za picha zikiwa zimekatwa, kosa si la adapta: televisheni inaikuza picha kwa mazoea ya zamani ya matangazo. Tafuta kwenye menyu ya ukubwa wa picha chaguo la kuionyesha ilivyo, au badili jina la tundu hilo liwe PC, na kwenye televisheni nyingi maandishi nayo yatakuwa makali zaidi. Na kama una kila kitu cha 60 lakini unapata 30, ingia kwenye mipangilio ya televisheni uwashe hali ya HDMI ya ubora wa juu kwa tundu hilo, kwa kuwa watengenezaji wengi huiacha imezimwa, na televisheni nyingine huiweka kwenye tundu moja au mawili tu. Likishindikana hilo, ondoa kebo ndefu ujaribu fupi. Zinapopita mita 5 hivi, kebo za kawaida za shaba huanza kudondosha 4K ya 60, na picha inayowaka na kuzimika kila baada ya dakika kadhaa ni dalili yake.